Kumkaba Mkwe

Noah iliyombeba Wahida ilikuwa imeshatoka Saadani, imeshalipita lango la hifadhi na nyani wake, wakati simu ya Ashatu ilipolia Bagamoyo. Ashatu alikuwa uwanjani na wasichana wake wa timu, filimbi mdomoni, anawafokea mabeki wasirudi nyuma kama kaa. Aliyepiga ni Swaumu, mama mkwe wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mdogo wangu anakwenda zake."

"Mdogo wako yupi, mama?"

"Kwani ninao wangapi? Wahida. Anahamia kwa mwanawe Jasmin, huko Kahama. Kafunga mizigo alfajiri, kasema mtu asiambiwe, hataki vilio. Basi analipandia Chalinze, adhuhuri. Nimeambiwa ninyamaze, na nimenyamaza mpaka gari lilipoondoka. Sasa limeondoka, nimemaliza kunyamaza."

Akakata simu.

Mpira ulikuwa unamjia Ashatu. Akauzima kwa unyayo, akasimama nao hapo kama mtu aliyesahau mpira ni wa nini. Tangu siku alipochaguliwa timu ya taifa, miaka yote aliyocheza, na miaka yote tangu atundike daluga, alikuwa na neno moja hajalifikisha kwa Wahida. Neno lenyewe dogo, hata mtoto hulisema akipewa andazi: asante. Walio wengi alikwisha kuwapa asante zao. Huyu ambaye bila yeye asingekwenda popote, hakuwahi kumpa. Na leo likikosekana Chalinze, basi tena. Kahama si mahali pa kwenda na kurudi, na Wahida si mtu wa simu. Ukimpigia hupokea, husema "mie mzima, wewe je, haya," akakata.

Akamwachia filimbi Hajra, golikipa wake, akavuka barabara na viatu vyake vya mpira mpaka dukani kwa Nasser.

Huyu Nasser ni wa wale Waarabu wa Bagamoyo ambao babu zao walitoka Maskati, na wao wenyewe hawajui Maskati mlango wake uko wapi. Anauza mabati, saruji na misumari. Zamani, timu ya wanawake ilipokuwa ikichezea mpira wa viraka, yeye ndiye aliyetoa mpira mpya wa kwanza, na tangu siku hiyo anajiona mlezi wa taifa zima.

"Nasser, gari lako lina mafuta?"

"Salamu kwanza, Kapteni. Au mkistaafu mpira na adabu mnastaafu?"

"Sabalkheri. Lina mafuta?"

"Lina mafuta, na lina mabati ya mtu."

"Mwenye mabati ana haraka?"

"Yule? Nyumba yake anaijenga tangu mimi nina nywele."

"Basi atasubiri. Nipeleke Chalinze. Wahida anahama."

Nasser hakuuliza zaidi. Siku ile Ashatu alipochaguliwa alikuwepo, aliona kwa macho yake. Akachukua ufunguo, akamwambia kijana wa duka afunge akichelewa, wakaondoka na mabati yanalia nyuma kama harusi.

Mambo yalikuwa hivi. Wahida na Ashatu walianza kucheza pamoja wakiwa wasichana. Wahida alikuwa winga wa kulia, kamzidi Ashatu miaka michache tu, ana mbio na ana maneno. Ashatu beki wa kushoto. Kwa hiyo mazoezini kila siku walikuwa wanakutana ubavuni mwa uwanja, na ubavuni pale hapakuwa na adabu. Kuvutana jezi, kukanyagana, kutaniana mpaka wanakaa chini kwa kucheka.

"We Ashatu, miguu imekaa kama mchi!"

"Na mchi wenyewe leo unakutwanga!"

Halafu Ashatu akaolewa. Akaolewa na Mikdad wa Saadani. Mama yake Mikdad ni Swaumu, na Swaumu na Wahida ni tumbo moja, mmoja kifungua mimba na mwingine kitinda mimba. Basi kwa ijabu na kabuli moja na pilau ya mchana mmoja, mwenzake wa kukanyagana akageuka kuwa mkwe. Na mkwe kwa Wakwere si jambo la mchezo. Jina lake hulitaji mbele yake. Akila humwendei, na wewe huli akikutazama. Mkikutana njiani unampisha, unaingia majanini, yeye anapita. Mguu wako ukigusa wake, wazee wanaitwa.

Kocha wao wa Bagamoyo alikuwa mtu wa palepale, akajua la kufanya. Akawa anawaweka upande mmoja kila siku, mmoja mbele mmoja nyuma, mambo yakaenda. Mpaka alipokuja Mwalimu Husseni kutoka Dar es Salaam.

Mwalimu Husseni alitumwa kutafuta wachezaji wa timu ya taifa. Mtu mfupi, kofia kubwa, sauti kubwa kuliko kofia. Akasema wazi mbele ya wote: "Hapa nachukua mmoja. Atakayenionyesha ndiye." Akawagawa mwenyewe, huyu huku yule kule, bila kujua nani kamwoa nani. Ashatu akajikuta namba tatu upande huu, na winga wa upande ule, anayemjia uso kwa uso, ni mama yake mdogo Mikdad.

Mpira wa kwanza ukafika kwa Wahida. Akaja nao mbio. Ashatu hakuamua lolote. Miguu yenyewe ilitoka pembeni, kama njiani kijijini, na mdomo ukasema wenyewe, "Shikamoo mama." Wahida akapita, akafunga. Walioko pembeni wakaangua kicheko. Mara ya pili Ashatu akajiapiza hatapisha. Akapisha. Bao la pili.

"Beki namba tatu!" Mwalimu Husseni akapiga kelele. "Unakaba au unafungua mlango?"

Mikdad alikuwa pembeni na wanaume wenzake. Akavuta kofia mpaka puani.

Ikafika mapumziko. Ashatu alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka, akijua yamekwisha. Akaona miguu ya mtu mbele yake. Wahida alikuwa amevuka uwanja mzima peke yake, mkononi kashika kanga yake aliyokuja nayo. Kwao, mkwe akitaka kumwondolea mkwewe haya, humpa kitu mbele za watu, nguo au hata kuku, na watu wakishuhudia imekwisha. Wahida akaitupa ile kanga mabegani mwa Ashatu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanaume:

"Nimekufungulia. Kuanzia sasa mpaka filimbi ya mwisho, mie si mkweo, mie winga. Ukinipisha tena, hapo ndipo utakuwa umenivunjia heshima."

Akageuka akarudi upande wake.

Kipindi cha pili Ashatu hakumpisha mtu. Wahida akija kulia, yupo. Akiingia ndani, yupo. Akisimama na mpira kumhadaa, Ashatu anasimama naye, macho kwenye mpira, kisha mguu unatoka na mpira umekwenda. Walianguka pamoja, wakainuka pamoja, vumbi mpaka kwenye meno. Wahida alitumia kila alichokuwa nacho, na kila alichokuwa nacho hakikutosha. Filimbi ya mwisho ilipolia Mwalimu Husseni hakufikiri hata kidogo. Akanyoosha kidole kwa Ashatu.

Wahida akapiga makofi mara tatu nne, akatafuta ndala zake, akaenda kukaa na wanawake. Ashatu akapakiwa kwenye gari la mwalimu jioni hiyohiyo. Filimbi ilikuwa imeshalia, ukwe umerudi mahali pake, na mkwe humfuati katikati ya watu ukaanza kumsemesha.

Kiwangwa, wauza mananasi walikimbilia dirisha. Nasser akawapungia mkono bila kupunguza mwendo.

"Kwa nini hukumwambia miaka yote hiyo?" akauliza sasa.

"Ningemwambiaje? Nimwambie, mama, asante kwa siku ile niliyokuangusha chini?"

"Kwa maneno hayohayo."

"Wewe Mwarabu hujui ukwe."

"Mimi mama mkwe wangu ni Bi Jokha. Ukwe naujua mpaka ndotoni."

Ashatu akacheka, lakini mkono wake ulikuwa unabonyeza goti. Ndivyo alivyo akiwa na wasiwasi.

Alicheza sana. Siku ya kwanza alipovaa jezi ya taifa ilikuwa nchi ya baridi, nyimbo zikapigwa, meno yake yakawa yanagongana, na hakujua kama ni baridi au ni kulia. Walifungwa mengi siku hiyo. Siku nyingi walifungwa mengi. Walifua jezi zao wenyewe, walilala kwenye mabasi, walicheza kwenye viwanja vyenye kokoto na kwenye viwanja laini kama zulia ambavyo waliviogopa kukanyaga. Akapata kitambaa cha unahodha. Akacheza msimu mmoja Nairobi akalipwa, ajabu ya dunia. Wakati huo wote Mikdad alikuwa Saadani anakausha samaki na kulea watoto wawili, na ile kanga ndiyo iliyokuwa mbeleko yao mpaka ikachanika. Wenzake wakimcheka, "mume wa beki, mume wa beki," yeye aliuliza tu, "Na wewe mkeo anacheza namba ngapi?" Maneno yakaishia hapo. Kisha goti likakataa, na Ashatu akakubali kabla hajafukuzwa.

Alipostaafu alisoma maulidi ya shukrani nyumbani kwake Bagamoyo. Pilau sufuria tatu. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Mikdad mbele ya watu mpaka mwanamume wa watu akatoka nje kujifanya anatafuta kuni. Akamshukuru Nasser kwa mpira. Mwalimu Husseni alikuwa ameshafariki, akaenda kaburini kwake na yasini. Wahida alikuja kwenye maulidi yale. Alikaa jikoni na sufuria, akapakua, akaosha, na Ashatu kila akikaribia mlango wa jikoni anamkuta kazungukwa na wakubwa, au anaonja mchuzi. Anarudi. Alipopata moyo, Wahida ameshaondoka na gari la magazeti.

Lugoba walinaswa nyuma ya malori ya kokoto. Nasser akapiga honi, akaomba dua, akatukana, akaomba tena dua kufuta alilotukana. Walipoingia Chalinze jua lilikuwa utosini. Malori yamejipanga, vijana wanakimbia na korosho na maji, moshi wa mishikaki. Basi la Kahama halijafika.

"Yule pale," akasema Nasser.

Wahida alikuwa kwenye banda la mama lishe, mizigo miguuni, godoro limefungwa kamba, sahani ya wali mbele yake. Amekonda kidogo. Mabega yaleyale ya kuelemea mbele, kama mtu anayesubiri pasi.

Ashatu akarudi nyuma ya lori.

"Vipi?" Nasser akashangaa.

"Anakula."

"Naona anakula. Nenda."

"Mkwe anakula, Nasser. Nimwendee vipi?"

"La haula! Nimekimbiza mabati ya watu kutoka Bagamoyo uje uchungulie mtu anamaliza wali?"

"Akimaliza naenda."

"Na basi likija?"

"Anakula upesi."

"Nani? Yule? Mtazame. Anatafuta mawe punje kwa punje!"

Na kweli Wahida alikula kama aliyekuja Chalinze kwa ajili ya wali huo. Ashatu akasimama kando ya tairi la lori, anahesabu matonge ya mwenzake. Basi likaja. Likaja na vumbi na konda ananing'inia mlangoni, "Moro, Dodoma, Singida, Kahama, ingia twende!" Wahida akanywa maji, akanawa, akasimama. Kijana akabeba godoro. Ashatu akatoka nyuma ya lori, na palepale mama mmoja akapita na beseni, akampisha. Akapita mwenye mkokoteni, akampisha. Wahida alikuwa ameshafika kwenye mlango wa basi, mgongo tu unaonekana.

"Ashatu," Nasser akasema nyuma yake, taratibu, bila mzaha. "Unampisha."

Goti lile daktari alisema lisikimbie. Lilikimbia. Ashatu akapita kati ya konda na godoro, akafika mlangoni wakati mguu wa Wahida uko kwenye ngazi, bega likagonga bega, akanyoosha mkono akashika chuma cha mlango. Njia imefungwa.

"Nani huyu mshenzi—" Wahida akageuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Toa mkono, watakaa kwenye siti yangu."

"Sitoi."

"Mama," konda akaingilia, "kama hupandi, kaa pembeni wenzio wapande."

"Subiri, mwanangu," Wahida akamwambia. "Huoni nimekabwa?"

Konda akatazama viatu vya Ashatu, akatazama uso wake, akaona mambo ya watu wazima. "Haya, dakika kumi! Wa kuchimba dawa wachimbe!"

Wakasogea kwenye kivuli cha basi. Ashatu alikuwa anahema. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, yote yakawa yamebaki Lugoba.

"Nimekuja kusema asante," akasema, macho chini. "Ya siku ile. Nafasi ile ilikuwa moja, na ulikuwa nayo mkononi. Ungeniacha nikupishe mpaka mwisho, ungekwenda wewe. Kila nilikofika nimefika na nafasi yako, na sijakushukuru. Basi asante, mama. Ndiyo hilo tu."

Wahida akamtazama sana. Kisha akacheka, kile kicheko cha zamani cha ubavuni.

"Miaka yote umebeba mzigo huo? Ndiyo maana goti limekufa."

"Mama—"

"Nilikupa nini mie? Sikukupa kitu! Nilikuwa na hasira. Nimefunga mabao mawili na yote hayana ladha. Mtu anakupisha unafunga, hilo bao hilo au sadaka? Nilitaka kujua mimi na wewe nani zaidi. Nikakufungulia ili nijue. Nikajua."

"Ukaumia."

"Sasa nisiumie? Nililia jikoni nikasingizia moshi, na dada yangu akanishangaa maana moto haujawashwa. Lakini nisikilize. Wewe umecheza mechi nyingi, wala huzikumbuki zote. Mie yangu ni kipindi kimoja, kile cha pili. Beki wa taifa alinikaba kwa nguvu zake zote, hakuniachia hata nafasi ya kupitisha kuku. Hakuna mtu duniani aliyenipa heshima ile, si mume, si nani. Nilikuwa nawaambia watalii kule kambini hifadhini nikiwapikia, yule namba tatu kwenye televisheni, mie nimecheza naye mpaka tukala vumbi. Hawaelewi, wananipigia makofi. Kwa hiyo kama ni asante, na mie ninayo yangu. Asante."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie lini? Kila ukiniona unaingia majanini!"

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono kucheka kusiwaangushe. Wahida akafungua mfuko wa safari, akatoa karatasi yenye vibua wa kukaanga, akamkata mmoja vipande viwili.

"Kula."

"Mbele yako?"

"Mbele ya nani mwingine? Konda?"

Ashatu akala. Akala kichwa, akala na miiba laini, amesimama kwenye kivuli cha basi la Kahama mbele ya mkwewe, na Wahida akala chake, akimtazama usoni. Samaki wa Saadani, chumvi kidogo imezidi. Honi ikapigwa. Wahida akapanda bila kuaga, na kwenye ngazi akageuka akasema, "Na wasichana wako, waambie wasirudi nyuma." Mlango ukafungwa, basi likashika njia ya Morogoro.

"Umesema?" Nasser akauliza.

"Nimesema."

"Naye kasemaje?"

"Kanishukuru."

"Kha! Nyinyi Wakwere nyinyi." Akawasha gari. "Twende, mabati ya watu."

Wahida yuko Kahama kwa Jasmin, analea wajukuu wawili na anauza vitumbua asubuhi. Karibu na nyumba kuna uwanja wa shule, hukaa pembeni akiwafokea wasichana wa watu, na hakuna aliyemfukuza. Swaumu alifariki mwaka uliofuata akiwa usingizini. Wahida alikuja kwenye maziko, akakaa mpaka arobaini, yeye na Ashatu wakilala chumba kimoja, akarudi Kahama. Mwenye mabati alipelekewa mabati yake kesho yake, nyumba bado hajaimaliza. Nasser ameuza gari lile, duka analo. Mikdad anakausha samaki, siku hizi Bagamoyo, na ana kikohozi. Hajra yuko timu moja ya Dar es Salaam, golikipa wa pili. Mabeki wawili wameolewa, mmoja ameendelea kucheza. Ashatu alipasuliwa goti, likapona nusu. Anafundisha Jumamosi na Jumatano.